Cheti cha Bibi Winifrida

Kila Jumamosi, baada ya uji, Bibi aliketi kwenye kiti chake karibu na hita ya jikoni, akajifunika khanga miguuni, akasema neno moja tu: "Andika."

Kuandika ilikuwa kazi yangu. Mimi ni Placida, nina miaka kumi na mitatu, nimezaliwa hapa hapa Edmonton, kaskazini mwa London. Bibi Winifrida alimzaa mama yangu. Alikuja kutoka Bukoba mwaka niliozaliwa mimi, akiwa na miaka sabini na minane, peke yake, kwa ndege mbili, na kikapu cha senene, wale panzi wa kuliwa, ambacho mpaka leo hatujui kilipitaje uwanja wa ndege. Alipofika alijifanya haelewi Kiingereza kabisa. Ukimjibu kwa Kiingereza, anageukia dirishani kana kwamba hujasema kitu. Ndiyo maana leo ninaweza kuwaandikia haya kwa Kiswahili.

Presha ya macho ilimnyang'anya nuru yote nilipokuwa na miaka tisa. Mnadhani alikaa nyumbani? Thubutu! Alikuwa na kadi ya wazee ya kupanda basi bure, na aliapa kupanda kila basi la London mpaka kituo cha mwisho. Kila Jumapili, misa ya Tottenham ikiisha, rozari ikiwa bado mkononi, aliniuliza, "Haya, leo tunapotelea wapi?" Tulikaa viti vya mbele, vile vya wazee, naye alisema, "Niambie unachoona."

Siku moja nikamwambia naona bustani yenye maua mekundu. Haikuwapo. Palikuwa na magodoro mabovu yaliyotupwa kando ya ukuta, na abiria wa nyuma yetu, aliyejua Kiswahili, akacheka, "Magodoro mabovu hayo!" Bibi alinifinya mkono.

"Usinipambie, Placida. Sioni, lakini si mjinga. Kama ni magodoro, sema magodoro."

Safari nyingine tulipanda basi namba 102 hadi Golders Green, kisha 183 mpaka Kenton, tukaingia dukani kununua mihogo. Mama mmoja wa Kihindi alikuwa akizungumza nyuma ya kaunta. Bibi alisimama ghafla, akaita, "Pramila?" Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka. Mwana wa mama yule, Kishor, mtu mzima mwenye mvi, alitoka kwenye mizani, akainama akamgusa Bibi miguu. Nilishangaa sana. Lakini sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa nachagua chokoleti.

Sasa turudi kwenye daftari. Kwetu, kabla jeneza halijatoka kanisani, husomwa historia ya marehemu: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alifanya kazi gani. Bibi alikuwa amesikiliza nyingi, na nyingi zilimkera.

"Watu wanasifiwa mpaka unajiuliza kama umekosea msiba," alisema. "Yangu iwe ya kweli. Nitaisema mwenyewe ningali hai, wewe utaandika, na siku yangu ikifika wewe ndiye utakayeisoma."

Kurasa tano za kwanza niliandika vizuri. Baadaye nikachoka. Mkono uliniuma, na simu yangu ilikuwa pajani, chini ya meza, ikiniita. Bibi hakuona. Nikawa nasikiliza, nachezea simu, na kalamu imelala. Alipomaliza alisema, "Nisomee," nami nikakaza macho kwenye ukurasa mweupe, nikarudia kila kitu kutoka kichwani kana kwamba nasoma. "Vizuri," alisema. Nilijiona mjanja. Tulikwenda hivyo miezi minne.

Ikafika Jumamosi moja ya mwezi Machi. Bibi alisema, "Leo nitasema jambo ambalo mama yako halijui, wala mjomba wako. Limenikaa kifuani miaka mingi. Liandike vizuri. Mwaka wa sitini na tisa..."

Simu ikatetemeka. Rafiki yangu Haifa alikuwa amenitumia video ya mashindano ya kucheza dansi. Nilichomeka kipokea sauti sikio moja, nikajiambia ni dakika moja tu. Nilisikia "mvua". Nilisikia "misheni". Kisha sikusikia tena. Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Nisomee," alisema.

"Bibi, kesho. Mkono umechoka."

"Kalamu yako imekuwa kimya leo," alisema. Kisha akatabasamu. "Haya, mjukuu wangu. Kesho."

Kesho yake Bibi hakuamka kwenda misa. Gari la wagonjwa lilimchukua kabla ya saa nne asubuhi. Nimonia, walisema. Baada ya siku tisa alifariki, mchana, Mama akimshika mkono na kumsalia Salamu Maria. Alikuwa na miaka tisini na mmoja. Nililia bafuni huku nimefungua bomba, ili mtu asinisikie. Nilimlilia Bibi, na nilililia pia lile daftari.

Nyumba ilijaa watu. Viatu vilifika mpaka ngazini, chai haikukauka kwenye birika, na Mjomba Evodius, kaka mkubwa wa Mama, akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alikipenda cheo hicho.

"Placida, daftari limekamilika?" aliniuliza.

"Bado kidogo, Mjomba. Nalinakili."

Kumbe nilikuwa nakumbuka mengi! Kule kumdanganya Bibi kulinilazimisha kukariri. Niliandika alivyozaliwa Bukoba mwaka 1934. Niliandika alivyotoroka kwao na vitabu ndani ya mkungu wa ndizi ili akasome ukunga, alivyoolewa na mwalimu wa dini, alivyokwea mlima akiwa na miaka sitini kwa sababu tu mtu alimwambia hawezi. Lakini mwaka 1969 ulipofika, kalamu ilisimama. Kuanzia hapo mpaka 1972 sikuwa na kitu.

Nilijaribu kwa Mjomba. "Mjomba, mwaka wa sitini na tisa Bibi alikuwa wapi?"

"Mimi nililelewa kwa bibi yangu miaka hiyo, nikisoma huko, sijui. Kwani daftari halisemi?"

"Linasema," nikajibu haraka. "Nahakikisha tu."

Basi nikabuni. Niliandika hivi: "Miaka hiyo marehemu aliendelea kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya misheni, na mwaka 1970 alitunukiwa cheti cha utumishi bora." Niliisoma sentensi hiyo, nikaiona nzuri. Nikampelekea Mjomba.

"Cheti!" Mjomba alisimama. "Mama hakuwahi kutuambia! Unaona unyenyekevu huo? Lazima kipatikane. Tutakiweka kwenye fremu, kiwe mbele ya jeneza."

Nilitaka kusema ukweli, lakini yeye alikwisha kwenda sebuleni. Kabla ya jioni Mjomba alikuwa amekwisha kuwatangazia wageni wote habari za cheti, na mzee mmoja akasema yeye pia anakikumbuka. Hebu fikiria! Kitu nilichokibuni asubuhi kilikuwa tayari na shahidi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mazishi, nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama chumbani kwa Bibi. Amepiga magoti mbele ya sanduku la bati. Nguo zote za Bibi zilikuwa sakafuni: khanga, gauni la kanisani, sweta lenye harufu yake ya mafuta ya mgando. Mama alikuwa anapekua bahasha moja moja, macho yamevimba.

"Sikioni, Placida," alisema. "Sanduku zima nimelimaliza. Labda nilikitupa tulipohama. Nimekitupa cheti cha mama yangu."

Akaanza kulia.

Nilisikia sauti ya Bibi kabisa: kama ni magodoro, sema magodoro.

"Mama, hakuna cheti," nikasema. "Nimekitunga mimi."

Nikamweleza yote. Daftari, simu, kurasa nyeupe, machozi ya Bibi. Nilitegemea kofi, au angalau kelele. Mama hakupiga wala hakufoka. Aliketi kitandani, akalishika lile sweta mapajani.

"Jambo ambalo hakuniambia hata mimi," alisema polepole, "alikuambia wewe. Nawe ulikuwa unatazama dansi."

Sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo. Nilijikunja sakafuni kati ya khanga nikalia. Baada ya muda mrefu Mama akaniwekea mkono kichwani.

"Placida, bibi yako alizalisha wanawake gizani miaka mingapi, bila taa, kwa kusikiliza tu? Unadhani hakuisikia kalamu isiyoandika?"

Nikainua uso. "Alijua? Basi kwa nini aliendelea kunisimulia?"

"Kwa sababu kila alipokuambia usome, ulisoma. Alijua unayaweka mahali fulani." Alijifuta machozi. "Ila hilo la mwisho hukuliweka. Limekwenda naye. Jumamosi utasoma unayoyajua, na ukifika hapo penye pengo, utasema ni pengo, na utasema kwa nini."

Mjomba aliposikia alishika kiuno. "Mbele ya kanisa zima? Aibu gani hii! Mtoto afute sentensi moja, tuendelee, nani atajua?"

"Kaka," Mama alisema, "Mama alikuwa anasemaje kila mara? Mficha uchi hazai. Acha mtoto aseme."

Mjomba alikohoa, akatoka kwenda kupokea wageni. Fremu ya cheti, iliyokwisha nunuliwa, tuliweka ndani yake picha ya Bibi akiwa kituo cha basi.

Jumamosi kanisa lilijaa. Mama alikuwa amemwekea Bibi rozari mkononi, na chini ya rozari kadi yake ya basi. Padre akaniita. Nilisoma, na watu walitabasamu waliposikia habari za mkungu wa ndizi. Kisha nikafika mwaka 1969.

"Kuanzia hapa mpaka mwaka 1972," nikasema, "sijui Bibi alifanya nini. Alinisimulia, tena akilia, akaniambia niandike vizuri. Sikuandika. Sikusikiliza. Nilikuwa kwenye simu yangu. Halafu nikatunga uongo kuhusu cheti, nao mliusikia msibani. Hakuna cheti. Naomba Bibi anisamehe, nanyi mnisamehe."

Watu wakanong'ona. Mjomba aliinamisha kichwa. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Ndipo kule nyuma mtu akasimama, ameshikwa mkono na mwanawe. Alikuwa Pramila wa Kenton, na mwanawe ni Kishor.

"Padre, niruhusu," alisema. "Miaka hiyo mimi naijua."

Alitembea taratibu mpaka mbele, akasimama kando yangu.

"Mume wangu alikuwa na duka karibu na misheni huko Karagwe. Mwaka wa sitini na tisa nilikuwa na mimba ya kwanza, mtoto amelala vibaya. Mvua siku tatu. Daktari hayupo, dereva wa misheni anaumwa malaria, mkuu wa misheni amesafiri na amekataza gari lisiguswe. Nesi Winifrida akachukua funguo. Hakuwahi kuendesha gari maisha yake! Alikuwa tu ameitazama miguu ya dereva miaka miwili. Alinilaza nyuma, akawasha, akasali rozari kwa sauti mpaka Bukoba. Kwenye daraja la magogo maji yalikuwa juu ya matairi. Akaniambia, 'Pramila, wewe shika mtoto, mimi nashika usukani, Mungu atashika daraja.' Tukavuka. Huyu hapa ndiye mtoto."

Kishor aliinama mbele ya jeneza, akaligusa upande wa miguu. Nami nikaelewa lile la dukani.

"Mkuu aliporudi alimfukuza kazi," Pramila aliendelea. "Mlango wa gari ulikuwa umepondeka. Miaka mitatu alizalisha wanawake majumbani, kwa baiskeli, mpaka hospitali nyingine ikamchukua. Mumewe alikuwa mwalimu wa dini pale pale, kwa hiyo Winifrida alinyamaza ili mume naye asifukuzwe. Akaona aibu, akaendelea kunyamaza. Akanikataza mimi nisiseme. Tulipokutana tena Kenton aliniambia, 'Siku yangu mjukuu wangu ataisema.'"

Akanigeukia. "Binti, kama ungesoma habari za cheti, ningekaa kimya. Ningesema moyoni, basi, ndivyo mwenyewe alivyotaka ikumbukwe. Ningeondoka nayo hiyo siri, nami ni mzee. Umesema hujui, ndiyo maana nimesimama."

Mama alikuwa analia, lakini hakuwa analia kama juzi. Mjomba Evodius alisimama, akamwendea Kishor, akamkumbatia.

Tulimzika Bibi hapa hapa London. Alikuwa amesema atalala pale basi lake la mwisho litakaposimama.

Jioni ile, mimi na Mama tulirudi kwa basi. Wengine walikuwa na magari, sisi tukakataa. Mama alinishika mkono.

"Sikia, mwanangu. Uongo wako ulikuwa umejaza lile pengo vizuri, tena kwa sifa. Ungebaki hapo, ukweli usingepata pa kuingia. Mtu akikiri asichokijua, wenye kujua humsaidia. Na anayekusimulia maisha yake, msikilize angali hai, maana si wote wanaobahatika kuwa na Pramila. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu, na nilikuwa nimeanza kuandika ukurasa wa mwaka 1969. Mama aliegemeza kichwa dirishani, akafumba macho.

"Niambie unachoona," alisema.

Nilitazama nje. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, kwa jinsi alivyokuwa amechoka.

"Mvua," nikasema. "Foleni. Mtu anakula chipsi kituoni. Na kile kiti cha mbele, Mama, kiko wazi."