Guri Wawili wa Sensa ya Dakota

Kosa lenyewe lilikuwa dogo: mtoto mmoja wa ziada. Ardis Brekkhus aliwahesabu mara tatu kwa ncha ya penseli. Sensa ya mwaka 1885, enzi Dakota haijawa jimbo la Marekani, iliwataja watu wa nyumba ya Halvor Brekkhus hivi: Halvor, mkewe Sigri, wavulana watatu, halafu Guri wa miaka minne, halafu Guri wa miezi saba.

"Karani alikuwa amelewa," alisema Marlys Eidsvik, mtunza kumbukumbu za kale kwenye chumba cha chini cha mahakama ya wilaya. "Nani ana mabinti wawili wa jina moja, bibie? Ukimwita mmoja aje kula, wanakuja wote."

Ardis hakucheka. Tangu amzike mumewe Orville mwezi Oktoba, hakucheka wala hakulia. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na sisi watu wa nyanda hizi hatuulizani mambo hayo. Tunaleteana bakuli la viazi, kisha tunakwenda zetu. Kazi hii ya kutafuta mababu aliifanya kwa ajili ya Orville. Binti yao Tamra alikuwa na mimba ya miezi minane, na Orville, kabla ya kukata roho, aliomba mtoto akiwa wa kike aitwe Guri, jina lililorithiwa katika ukoo tangu shamba lilipofunguliwa.

Marlys alileta daftari la kanisa, akapangusa vumbi, akasoma kwa kidole.

"Guri wa kwanza alikufa kwa ugonjwa wa koo, Februari 1884. Miaka minne. Wa pili alizaliwa Novemba mwaka uleule."

Hilo halikuwa na ajabu. Desturi ya wazee wetu waliotoka Norwe ni kwamba mtoto akifa, jina lake hupewa anayemfuata wa jinsia ileile, lisipotee. Lakini sensa ilichukuliwa Juni 1885, na maiti hahesabiwi.

"Sasa huyo wa miaka minne ni nani?" Ardis aliuliza.

Marlys alikuwa akifunua kurasa. Guri wa pili alizikwa akiwa na miaka minne. Akazaliwa wa tatu, naye akazikwa akiwa na minne. Mwaka 1916 akazikwa wa nne, mjukuu wa Halvor, naye akiwa na minne.

"Karani aliandika aliowaona," Marlys alisema kwa sauti ya chini, akalifunga daftari. "Mtafutieni mtoto jina jingine, Ardis. Nakuomba."

Ardis alirudi shambani na nakala ya ukurasa ule, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akateleka kahawa. Ilikuwa saa tisa mchana, theluji ikimulika dirishani, nyumba nzima nyeupe. Kwanza ikaja harufu ya sufu iliyolowa, kama soksi zilizoanikwa karibu na jiko, ingawa hakuanika kitu. Kisha sauti za nyayo ndogo zikapanda ngazi, polepole, moja, nyingine, zikisimama kila kipandio kama za mtoto ambaye miguu yake bado ni mifupi, zikapita chumba alichofia Orville, zikaingia chumba cha mwisho kilipowekwa kitanda cha bembea alichokichonga Halvor, kile ambacho Tamra angekuja kukichukua Jumapili, nacho kikaanza kubembea, kwaa, kwaa, bila mtu.

Akampigia Tamra. Akaulizia barabara, akaulizia theluji, maana hatupendi kusumbua watu, huku kule juu kitanda kikiendelea.

"Mama, umepiga unieleze habari za theluji?"

"Mtoto usimwite Guri."

"Baba aliomba kitu kimoja tu maishani mwake."

"Najua. Mkono wake nilikuwa nimeushika mimi."

"Basi leo unataka nimnyime?"

"Nataka mwanao afike miaka mitano, Tamra. Jina hilo lina mwenyewe."

Tamra alianza kubisha, kisha akasikiliza. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mnong'ono. "Mama. Uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Kuna mtoto anapumua kwenye simu."

Tamra hakubisha tena.

Ardis akapanda ngazi, akasimama mlangoni. Aliogopa, na woga ulikuwa mbali, kama wa mtu mwingine. "Jina ni lako," akasema. "Hatulitoi tena. Ila wa kwangu mwache akue. Ukitaka mtu, mimi nipo."

Kitanda kikasimama. Kiganja kidogo, baridi kama bomba la uani, kikaingia ndani ya mkono wake. Kilikuwa kitu cha kwanza alichokihisi tangu Oktoba. Hakuuondoa mkono.

Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Linnea. Tamra hakukitaka kitanda, na Marlys alipotaka kumleta mchungaji aiombee nyumba, Ardis alimwambia asimsumbue mtu wa watu.

Ulikuwa mwaka wa sensa. Machi fomu ikaja kwa posta, na Ardis akaijaza palepale jikoni kwa wino. Swali la kwanza: watu wangapi wanaishi katika nyumba hii?

Akaandika: wawili.

Mtu wa pili: Guri Brekkhus. Umri: minne.

Kisha akashusha sahani mbili, akapakua viazi kabla havijapoa.