Plagi Nne za Pikapu ya Maziwa

Kila alfajiri mama alichemsha sufuria mbili za maji. Moja ilikuwa ya chai. Nyingine ilikuwa ya gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya dizeli aliyotuachia baba. Baba alikuwa amefariki miezi mitano kabla. Asubuhi za baridi alizoea kuimwagia injini maji ya moto, ndipo awashe. Mama naye akafanya vivyo hivyo, polepole kama baba, nasi tukisimama kimya kama watu walio kwenye sala.

Lakini injini ilizidi kukaidi. Ilizunguka vizuri, ikakohoa moshi mweupe, ikanyamaza. Nyuma yalikuwapo madebe ya maziwa ya majirani. Kituo cha maziwa kilifunga lango saa moja na nusu, na wiki hiyo tulikuwa tumechelewa mara mbili. Mpokeaji alimwambia mama kwa upole kwamba tukichelewa tena, njia yetu atapewa mwenye gari zima.

Jirani yetu alikuwa fundi wa matrekta. Watu walimwita Bi Nati. Siku hiyo, maziwa yakiwa yamekwenda kwa gari la kuazima, alikuja na kikombe chake cha chai. Akaitazama sufuria, akaitazama injini iliyokuwa ikitoa mvuke.

"Dada, hili gari unalipikia?"

"Marehemu alifanya hivi," mama akajibu.

Bi Nati akaweka kikombe chini. "Shemeji alikuwa analikanda tu. Mgonjwa hukandwa wakati dawa inatafutwa, hakandwi miaka yote. Na chuma baridi ukikimwagia maji ya moto kinaweza kupasuka. Ukiipasua hii injini, dada, utakuwa umezika mara mbili."

Mama aliyamwaga uani maji yaliyobaki.

Bi Nati aliuliza kama gari huwaka jua likishapanda. Mama akasema mchana huwaka mara moja. Basi fundi akatueleza. Injini ya dizeli haina cheche. Hubana hewa mpaka ipate moto, na moto huo ndio unaowasha mafuta. Asubuhi ya baridi moto hautoshi. Kwa hiyo kila silinda ina plagi ndogo ya kupasha joto, ambayo huiva kwanza kama kaa la jiko.

Mama alibisha kidogo. Taa ya njano ya plagi ilikuwa ikiwaka kwenye dashibodi kila siku.

"Hiyo inakwambia usubiri tu," Bi Nati alisema. "Haijui kama huko ndani kuna aliye hai."

Kwanza alihakikisha umeme unafika kwenye plagi. Kisha akazima ufunguo, akafungua kipande cha chuma kilichoziunganisha. Akachukua taa ndogo ya kupimia. Waya wake mmoja akaufunga kwenye chanya ya betri, mwingine akaugusisha kichwa cha kila plagi. Plagi ya kwanza, taa ikawaka. Ya pili, giza. Ya tatu, giza. Ya nne, giza.

"Maskini, moja inabeba wenzake watatu," mama alisema.

Bi Nati alishauri zibadilishwe zote nne, kwa sababu hiyo moja ilikuwa imechoka kama wenzake. Mjomba wetu, aliyekuwa akitazama pamoja nasi na asiyejua kusubiri maelezo, alikuwa ameshapanda baiskeli. Akarudi na plagi nne, kifua mbele. Zilikuwa za lori, za volti ishirini na nne. Gari letu lilikuwa la volti kumi na mbili. Mjomba akasema nguvu ikizidi, si ndiyo vizuri?

Bi Nati hakubishana. Alibana moja kwenye jiliwa, kifaa chake cha kushikilia vyuma, akaiunga na betri yetu. Tukahesabu hadi kumi. Ikabaki nyeusi.

"Inataka volti ishirini na nne, unaipa nusu," alisema, huku akifungua taratibu plagi moja iliyokufa. "Haiivi. Nenda na plagi ya zamani mfukoni. Linganisha namba, volti, meno yake na urefu wa ncha. Ncha ikizidi urefu, itagongwa na pistoni."

Mjomba aliporudi na plagi sahihi, Bi Nati akabana moja na kuiunga, akatuonya tusiiguse. Ncha yake, nyembamba kuliko kidole cha mtoto, ikawa nyekundu, kisha ya machungwa, kisha karibu nyeupe. Hakukuwa na moshi wala sauti. Hata mjomba aliinama kuitazama.

"Na kitu hiki kimo humu ndani miaka yote?" mama alinong'ona.

"Vinne," akajibu Bi Nati.

Alizifungua za zamani zilizobaki injini ikiwa na uvuguvugu, akitia mafuta kidogo, bila kulazimisha. Mpya alizianza kwa vidole, akamalizia kwa spana taratibu.

Asubuhi iliyofuata nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Mama alizungusha ufunguo nusu, akangoja taa ya njano izimike, akawasha. Injini iliitika papo hapo.

Tulifika kituoni lango likiwa bado limefungwa, wa kwanza kabisa kwenye foleni. Mama hakuzima gari. Nilimwuliza anangoja nini.

"Acha kwanza," alisema, mikono yake ikiwa juu ya usukani. "Sijawahi kuisikia ikiwa nzima."