Kompyuta Iliyokula Ng'ombe wa Hawo

Ndugu zangu wa Isiolo, nyumba hii mliijua. Mwaka wa 1988, ukipita nyuma ya msikiti asubuhi, ulimsikia Hawo akipiga taipu mlango ukiwa wazi. Barua za machifu, mitihani ya shule, mialiko ya harusi, yote yalipitia mikononi mwake. Mumewe, Boru, alinunua mbuzi kule Merti na kuwauza hapa mjini. Hawakuwa matajiri, lakini walikula na kucheka.

Kisha Boru akaenda Nairobi, akarudi na habari ya kompyuta.

"Mashine moja inashinda wapiga taipu wengi," alisema. "Ofisi zote zitakuja kwetu."

"Umeiona ikifanya kazi?" Hawo aliuliza.

"Muuzaji amenieleza. Ni mtu wa maana, anavaa tai."

Jirani yao, mwalimu Kithinji, alikuwa amesomea mambo hayo. Alimshauri kwa upole.

"Mzee Boru, ndani ya hilo sanduku kuna vitu vingi. Uliza kama kumbukumbu yake inatosha kazi ya mama, na kama ina diski ya ndani ya kuhifadhi. Mwambie aiwashe mbele yako, uone ikiandika na kuchapisha. Tena akupe garantii. Nikusindikize Jumamosi?"

Boru akakasirika. "Mwalimu, mimi si mtoto wa kushikwa mkono."

Hebu fikirini! Mtu huyu hakununua mbuzi kabla ya kumfungua mdomo na kumtazama meno. Lakini mbele ya muuzaji mwenye tai aliona aibu kuuliza. Akawauza ng'ombe ambao Hawo alipewa na baba yake alipoolewa, bila kumwambia mwenyewe. Taipureta nayo akaiuza.

Kompyuta ilifika kwa lori, ndani ya katoni mpya. Watu wakajaa mlangoni kuitazama skrini yenye maandishi ya kijani. Mwalimu Kithinji akaja kumfundisha Hawo. Akaitafuta ile diski ya ndani aliyomwambia Boru aiulizie, haikuwapo. Kumbukumbu nayo ilikuwa ndogo, ikijaa kwa kurasa chache. Hata hivyo Hawo, uchungu ukiwa moyoni, alijifunza, akahifadhi kazi zake kwenye diski za kuchomeka.

Mwisho wa muhula shule moja ikamletea mitihani yote. Aliandika mpaka mgongo ukamuuma. Siku ya kuichapisha, mashine ikaikwaruza diski, ikatoa moshi, ikazimika. Kazi yote ikapotea.

"Mama, watoto wamekaa madarasani bila karatasi," mwalimu mkuu alimwambia. "Hatutaleta kazi hapa tena."

Fundi wa Meru aliifungua mashine akatikisa kichwa. Ganda lilikuwa jipya, lakini vipuri vilikuwa chakavu, vimeokotwa kutoka mashine tofauti. Boru akapanda basi kwenda Nairobi bila karatasi yoyote ya garantii. Palipokuwa na duka alikuta watu wakiuza magodoro. Hakuna aliyemjua mwenye tai.

Wateja wakahamia kwingine. Chumba cha kazi kikafungwa. Hawo akaenda Kinna kwa dada yake Awo, akawa kibarua katika mashamba ya watu. Baada ya miezi, Boru alimfuata huko.

"Hawo, nakuuliza kwa heshima. Utarudi nyumbani?"

Hawo hakuweka jembe chini. "Boru, siku ya kuuza ng'ombe zangu hukuniuliza. Leo unaniuliza ya nini?"

Boru alisimama kando ya mfereji mpaka lori la kurudi mjini likapiga honi. Akapanda peke yake.

FUNZO

Ndugu zangu, kompyuta si adui. Jueni kwanza mnaitaka kwa kazi gani, ndipo muulize vilivyomo ndani kama vinaiweza kazi hiyo. Nunueni kwa mtu ambaye mashine ikiharibika mtampata, na mwenye kujua aje pamoja nanyi. Boru aliogopa kuonekana mjinga kwa dakika chache tu, na nyumba ikavunjika. Zaidi ya yote, mali ya mke ni ya mke. Usiiguse kabla yeye mwenyewe hajasema ndiyo.