Waya wa Bi Subiri

Msajili wa chuo hana kawaida ya kushuka chumba cha mtambo. Chumba chenyewe kiko chini ya jengo la utawala, hakina dirisha, na kiyoyozi chake kilikufa zamani. Nimeomba kingine mpaka nimechoka kuomba. Kwa hiyo jioni ile nilipomwona mlangoni, mkoba wangu ukiwa tayari begani, nilijua siku yangu imeharibika.

"Fundi, Mhasibu mpya anaanza kesho. Hana simu."

"Namba zimekwisha, mzee. Nimekuandikia mara ngapi?"

"Mpe ile ya Bi Subiri. Marehemu anaifanyia nini?" Akageuka kuondoka. "Leo hii, kabla hujaenda nyumbani."

Akaenda zake, viatu vikilia kwenye ngazi. Nilimtukana kimoyomoyo, na bado sijaona haya.

Kazi yangu ni kuutunza mtambo wa simu wa chuo, makabati marefu ya chuma yanayounganisha kila simu ya mezani na nyingine. Simu zikipita vizuri hakuna anayejua kama nipo. Karani akikanyaga waya wake mwenyewe ukachomoka, mimi ndiye mzembe. Naomba kadi mpya za mtambo, vipuri vya kubadilisha vilivyochakaa ndani yake, naambiwa subiri bajeti. Bajeti ikija, inanunua mapazia ya ofisi ya Msajili. Ajabu ni kwamba mtambo ule mkongwe ulikuwa hauzimiki kamwe. Watu wakaona fundi anakula mshahara wa bure.

Lakini kilichonichoma jioni ile si Msajili. Ni mama.

Mama alipooza upande wa kulia mwaka jana. Jirani yetu hukaa naye mchana, ila jua likianza kuzama lazima arudi kuwapikia wanawe. Na mama, aliyekuwa mwanamke wa kutembea gizani peke yake, siku hizi anaogopa giza kama mtoto mdogo. Nimemwekea simu ya mezani kando ya kitanda, upande wa mkono mzima. Kila asubuhi ananiuliza swali moja: "Utarudi kabla ya taa?" Kila asubuhi namjibu, "Nitarudi, mama."

Nikatupa mkoba chini. Nikachukua koleo.

Bi Subiri simjui kwa sura, maana alifariki kabla sijaajiriwa. Alikuwa mpokea simu wa chuo, na jina hilo walimpa kwa sababu ya maneno yake: "Subiri kidogo, nikuunganishe." Wapishi wanasema simu zikipungua alikuwa akiwasuka wenzake nywele pale pale kwenye meza yake, kifaa cha kusikilizia kikiwa masikioni. Hakuwa na mume, wala mtoto, wala kwao panapojulikana. Alikutwa amekufa mezani, kitana mkononi. Hawakuajiri mwingine. Walichukua sauti yake iliyokuwa imerekodiwa wakaiweka kwenye mtambo, na mpaka leo ukipiga chuoni, anayekupokea ni yeye.

Nyuma ya makabati kuna ukuta mzima wa nyaya, na kila simu ya chuo ina waya wake mwembamba pale, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, bluu na nyeupe. Namba ikifutwa, fundi hukata waya wake ili nafasi itumike tena. Waya wa Bi Subiri ulikuwa safu ya mwisho, chini kabisa. Kando yake mzee aliyenitangulia kazini alikuwa amebandika karatasi: USIGUSE.

Sasa, fundi yeyote atakwambia. Kila ukuta wa nyaya duniani una karatasi ya USIGUSE, na aliyeibandika hakumbuki kwa nini. Nikaibandua.

Ndipo nikaona.

Nyuzi hazikuwa mbili. Zilikuwa tatu. Bluu, nyeupe... na nyeusi. Zilisukwa pamoja kama msuko wa kichwani, zimebana vizuri, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikaugusa ule uzi mweusi kwa kidole.

Zilikuwa nywele.

Kwa hasira niliyokuwa nayo sikuogopa. Nilisema kwa sauti, "Huu uchafu gani tena?" Nikakata.

Feni za mtambo zikanyamaza.

Kwa muda wa pumzi moja tu. Kisha zikaanza tena, nzito kuliko kwanza, kama mtu anayeamka bila kupenda. Na kile chumba cha vumbi na moto wa umeme kikaanza kunuka mafuta ya nywele.

Nikaenda kwenye kompyuta ili nimalize niondoke. Nikaamuru namba ifutwe. Mtambo ukakataa. Ukaandika kwamba namba hiyo inamfuata mwenyewe, na mwenyewe yuko maktaba.

Hapo inabidi nieleze. Simu zetu zina huduma tunayoiita "nifuate". Ukitoka ofisini kwako ukaenda kukaa maktaba, unabonyeza namba zako kwenye simu ya maktaba, na kila anayekupigia anakupata huko. Mtambo haubahatishi. Lazima uwe umesimama pale, kidole chako kwenye simu ile.

Chuo kilikuwa likizo. Maktaba ilifungwa tangu wiki iliyopita, na ufunguo ulikuwa ukining'inia mbele yangu ukutani.

"Nani ananichezea?" nikasema. Nikaifuta ile "nifuate" na kujaribu tena.

Mtambo ukakataa tena. Mwenyewe yuko ukumbi wa mitihani.

Nikafuta.

Mwenyewe yuko langoni, kibanda cha bawabu.

Nilikuwa natokwa jasho. Nikapiga kibanda cha bawabu, nimwambie huyo mwerevu anayezunguka na michezo yake kwamba mimi nina mgonjwa nyumbani. Simu ikaita. Ikapokelewa.

"Subiri kidogo..."

Nikashusha pumzi. Ni rekodi tu. Mtambo umechanganyikiwa, umenipeleka kwenye rekodi. Nikataka kukata. Lakini rekodi ile naijua kama ninavyolijua jina langu, na baada ya "subiri kidogo" inafuata "nikuunganishe".

Haikufuata.

Nilisikia kitu kikikwaruza polepole, mara kwa mara. Kitana kinachopita kwenye nywele.

"Subiri kidogo," ile sauti ikanong'ona. "Natafuta pa kukaa."

Mkonga wa simu ulinitoka mkononi. Na mkono ule ule, kwa mazoea ya kazi, bila kichwa kuutuma, ukabonyeza kufuta.

Nikatoa simu yangu ya mkononi nikampigia mzee aliyenitangulia. Alistaafu, ana duka la vipuri vya redio upande wa pili wa mji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona unahema?"

"Ule waya wa safu ya mwisho..."

Nilimsikia akifunga mlango.

"Umeukata?"

"Msajili ametaka namba. Mzee, zile ni nywele za nani?"

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Mtambo ule ulikuwa unazima kila mara. Naomba kadi, sipewi. Naomba tena, natukanwa mbele ya wanafunzi. Nilikuwa nalala pale chini kama mlinzi. Yule mama alipofariki, nikaenda kwa mtu fulani... Akaniambia nichukue nywele kwenye kitana chake, nizisuke pamoja na waya wake mwenyewe. Tangu siku hiyo umewahi kuuona ukizima?"

"Ulimfunga mtu kwenye mtambo?"

"Nilimpa mahali! Hakuwa na kwao. Akifungwa kwenye kitu, anakishika kisife, hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Sasa umemtoa, basi muache pale alipo. Usimfute tena, unanisikia? Kila ukimfuta anasogea mbele. Anafuata njia ya aliyemfungua."

Maktaba. Ukumbi. Lango.

Ndiyo njia ninayopita kila jioni kwenda nyumbani.

Nikageuka kuitazama skrini. Mtambo wetu hauruhusu "nifuate" kutoka nje ya chuo. Nimeufunga hivyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Lakini palikuwa na namba ya nje. Sikuhitaji kuisoma yote.

Ilikuwa namba ya nyumbani.

Nikapiga. Iliita mara nyingi. Hatimaye ikapokelewa.

"Mama! Mama, uko na nani?"

"Mbona unapiga kelele, mwanangu?" Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya zamani, isiyoburuta maneno. "Jirani ameshaondoka. Niko na huyu mwenzako wa kazini. Ana mikono laini, maskini."

"Mama, anafanya nini?"

"Ananisuka."

Sikufunga mlango. Sikuzima hata taa. Nilikimbia kwa njia za nyuma, nikikwepa lango kama mwizi, na njiani kote nilikuwa nalia kwa hasira. Nimlaumu Msajili? Yule mzee? Namba ya mtu mmoja ofisini ndiyo imenifanya nimwache mama peke yake na giza.

Nilipofika, jua lilikuwa limekwisha. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka.

Swichi iko ukutani, karibu na mlango. Mama hajafika mlangoni tangu mwaka jana.

Alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima. Chumba kizima kilinuka mafuta ya nywele. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikaangalia nyuma ya mlango, chini ya kitanda, kila mahali. Shuka nyuma yake ilikuwa na bonde, kana kwamba mtu mzima alikuwa amekaa pale muda mrefu, na lilikuwa bado vuguvugu.

"Umechelewa," mama akasema, akitabasamu. Mdomo wake haukupinda. "Lakini sikuogopa."

Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesukwa, mistari iliyonyooka, inayobana vizuri. Nikasogea karibu. Katika kila msuko zilipita nyuzi mbili nyembamba.

Bluu na nyeupe.

Misuko yote ilikutana kisogoni ikawa mmoja. Ule mmoja ulishuka mgongoni, ukapita chini ya mto, ukaingia kwenye simu.

Nilikuwa nimekimbia na koleo mfukoni. Nikalitoa.

"Usikate," mama akasema.

"Mama, hujui hiki ni kitu gani!"

"Najua nilivyokuwa asubuhi." Akainua mkono. Mkono wa kulia. Ule ambao daktari aliniambia nisiuwekee matumaini, na kwamba mama hana siku nyingi, maneno aliyoniambia nje ya chumba ili asisikie. Akanishika shavu nao. Ulikuwa na joto. "Amesema hapa patamtosha."

Simu yangu ya mkononi ikalia. Msajili, akifoka mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Mtambo umezima, taa zote nyekundu, chuo kizima hakuna simu inayofanya kazi, Mwenyekiti wa Bodi anapiga kutoka nje, yeye anataka kujua mimi niko wapi na nimefanya nini!

Akakatiza maneno yake ghafla.

"Ngoja," akasema. "Mwenyekiti amenipata kwenye simu ya mezani. Kumbe inafanya kazi. Haya, potelea mbali, tutaonana kesho."

Simu ya kando ya kitanda ilikuwa imeita mara moja tu, na mama, kwa ule mkono wa kulia, alikuwa ameshainua mkonga. Alikuwa anasema na mtu kwa upole, macho yake yakinitazama mimi.

"Subiri kidogo, nikuunganishe."

Tangu siku hiyo mtambo wa chuo haujawaka. Makabati ni baridi, feni zimesimama, na hakuna hata mmoja anayelalamika, kwa sababu kila simu inafika inakotakiwa. Msajili amenisifu kwenye mkutano. Kadi mpya, amesema, hazihitajiki tena.

Mama anatembea. Anakula, anacheka na jirani, haogopi giza. Lakini halali. Simu inaita mchana na usiku, naye hawezi kufika mbali kuliko urefu wa ule msuko, na anapopokea, ile sauti si yake tena. Juzi nilimuuliza jina langu. Aliniangalia kwa huruma, muda mrefu, akisikiliza kitu ambacho mimi sikukisikia.

"Subiri kidogo," akaniambia.

Koleo ninalo mfukoni hata sasa. Daktari aliniambia ukweli wake, nami najua nikikata nini kitafuata. Kila jioni nakaa nyuma ya mama, nashika ule msuko mahali unapoingia kwenye simu, nafungua meno ya koleo.

Kisha simu inaita.