Sakafu Nyekundu

Watu wa mji wetu huiita Boma. Si sahihi. Boma lilikuwa ofisi, ng'ambo ya barabara, na lilibomolewa zamani. Nyumba ninayoisimulia ilikuwa makazi ya mkuu wa wilaya enzi za ukoloni: vyumba sita, kuta nene za mawe, paa la vigae, veranda pande zote. Habari hii nilipewa na mdogo wangu, fundi sakafu, mtu asiyekunywa pombe wala kutia chumvi.

Halmashauri iliamua kuigeuza maktaba. Mdogo wangu akapewa kazi ya kupaka sakafu rangi nyekundu. Mlinzi alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Kazi hiyo ya ulinzi alitafutiwa na mdogo wangu mwenyewe.

Sakafu hupakwa kinyumenyume. Fundi huanzia ukuta wa mbali, akirudi nyuma kwa magoti hadi mlangoni. Akishatoka hufunga, na chumba hakiguswi mpaka kesho yake. Ndivyo alivyofanya chumba cha mashariki, kisha akamkabidhi shemeji yake ufunguo.

Asubuhi alikuta nyayo za miguu mitupu. Zilianzia ukuta wa mbali, usio na mlango wala dirisha. Hatua tatu, zikakoma.

"Shemeji, uliingia humu?"

"Nifuate nini? Nikitaka kuicheka kazi yako nachungulia dirishani tu."

Wakacheka. Akapaka upya. Kesho yake zilikuwa hatua sita.

Siku ya tatu, tisa.

Hapo hakucheka. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na ulilala kwa shemeji. Akaenda kwa msimamizi wa ukarabati. Msimamizi akasema nyayo zikionekana tena, mlinzi hana kazi.

"Umenisemea, shemeji?" mlinzi alimuuliza, taratibu. "Unajua nina watoto wanne. Dada yangu utamwambia nini?"

Usiku huo usingizi ulimpaa mdogo wangu. Alitaka kujua kwa macho yake.

Siku ya nne alifanya kosa ambalo fundi sakafu halifanyi kwa kupenda. Alianzia mlangoni. Alirudi nyuma hadi pembeni, akajibakizia kipande kikavu cha kukalia tu. Msimamizi alifunga mlango kwa nje, akakaa verandani na mlinzi, ufunguo mfukoni mwake.

Ilikuwa mchana. Jua liliingia kupitia nondo za dirisha, na rangi mbichi iling'aa chumba kizima.

Saa nane, hakuna kitu.

Saa tisa, kando ya ukuta wa mbali, rangi ilibonyea. Kisigino. Kisha vidole vitano.

Hapakuwa na mtu.

"Shemeji," alinong'ona.

Alimsikia akikohoa nje, verandani.

Hatua ya pili. Ya tatu. Ya sita. Hazikuwa na haraka. Ilipofika ya tisa, nyayo zikasimama katikati ya chumba.

Kisha zikageuka kumwelekea.

Ya kumi. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili ilitua mbele ya magoti yake. Akasikia pumzi ya baridi usoni.

Alikimbia. Alikatiza chumba moja kwa moja, akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili mpaka ukafunguliwa. Akamwangukia shemeji yake.

"Nimekushika. Tulia, nimekushika."

"Nisamehe, shemeji."

"Yameisha hayo. Kulikoni?"

Msimamizi alisimama kizingitini akizihesabu nyayo. Kumi na mbili, kutoka ukutani hadi pembeni. Hakumtaja tena mlinzi. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo.

"Fundi, wewe umepita wapi?"

Kutoka pembeni hadi mlangoni, rangi ilikuwa nyororo kama kioo.

Shemeji alipiga magoti. Akauinua mguu mmoja wa mdogo wangu, akautazama unyayo, kisha akauinua wa pili. Hakukuwa na hata tone la rangi.

Na kile kipande kikavu alichokuwa amekikalia kilikuwa kimeshapakwa, vizuri kabisa, hadi ukutani.