Kiu ya Ukuta wa Kaskazini

Gata mpya za kukinga maji ya paa kwenye ukuta wa kaskazini wa Kanisa la Mtakatifu Osyth, kijijini Marlingthorpe, zilimalizwa kufungwa Jumatano mchana, wiki ya pili ya Oktoba. Jumapili iliyofuata birika la ubatizo lilikutwa kavu.

Enid Garrod, mzee wa kanisa, ndiye aliyelijaza asubuhi ile. Alilijaza tena. Vasi za maua nazo zilikuwa kavu, na hewa ilinuka maziwa yaliyochacha.

"Labda lina ufa," alisema Kasisi Pym.

"Jiwe limedumu miaka mia tisa, tangu enzi za Wanormani, Mchungaji, lije lipasuke leo?"

"Basi umesahau kulijaza, Bibi Enid. Uzee huo."

"Mzee ndiyo, lakini sijapungukiwa na akili."

Pym alicheka. Enid alitazama ukuta wa kaskazini.

Alipokuwa msichana wa miaka ishirini, mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa. Kasisi wa wakati huo alikataa azikwe makaburini kwa kuwa hakubatizwa. Ron, mumewe, alimchukua akamzika chini ya ukingo wa paa, ukutani kabisa, kama watu wa pale walivyofanya kwa siri tangu zamani: maji yanayotiririka kutoka paa la kanisa yatambatiza kila inaponyesha. Hawakumwambia mtu. Kamati ilipopiga kura ya gata ili kuuokoa ukuta na unyevu, Enid aliinua mkono pamoja na wengine. Aliona haya kuanza kueleza habari ya namna ile watu wakinywa chai.

"Ungesema neno moja tu," Ron alimwambia nyumbani.

"Na wewe ulikuwa umekaa pale pale. Mdomo uliushona?"

Ron aliinuka akaenda kufunga pazia.

"Ana kiu, Ron," alisema Enid.

Jumapili ya pili aliletwa mtoto Tobias kubatizwa. Kasisi alichota maji akayamimina, na maji hayakufika kichwani, yaliishia hewani, na kutoka chini ya ukuta ikasikika sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, ikisogea kati ya viti, ikipita miguuni mwa watu, mpaka midomo ya Tobias ikakauka na kupasuka huku mama yake akimkumbatia na kupiga kelele atolewe nje.

Nje, Tobias alinyonya akatulia. Pym alimpigia simu askofu.

Alhamisi alasiri alikuja Kasisi Lumley, ambaye kazi yake katika dayosisi ilikuwa kutoa pepo. Enid aliwaeleza yote.

"Ng'oeni gata," alisema. "Hilo si pepo. Ni mwanangu."

"Bibi, pepo wanajua kujigeuza," Lumley alinong'ona. "Huchukua sura ya yule tunayemlilia."

"Basi mbatize."

"Wafu hatuwabatizi, mama yangu."

"Hata jina hatukumpa. Utamfukuzaje mtu asiye na jina?"

Lumley aliinamisha kichwa. Kisha akafungua mlango mdogo wa kaskazini, ule ambao zamani uliachwa wazi wakati wa ubatizo ili shetani apate pa kutokea. Alinyunyiza maji, akasoma, akaamuru: "Toka."

Harufu ya maziwa ilipanda mpaka Pym akaziba pua, na kitu kidogo kilianza kulia chini ya mimbari, si kwa hasira bali kama mtoto aliyeamshwa, kikaburuzwa juu ya mawe kuelekea mlangoni, kikashika ukingo wa gauni la Enid kikang'ang'ania, na Lumley alipopaza sauti kwa mara ya tatu gauni likaachiwa, na kilio kikatoka nje, kikawa mbali, kikakatika.

"Tayari," alisema Lumley. Jasho lilimtiririka.

Birika lilijazwa. Maji yalibaki.

Enid hakuchukua koti. Alitoka kwa mlango ule ule.

Ron, aliyekuwa akimsubiri kwenye gari, alimkuta ameketi majanini, mgongo ukutani, mikono imekunjwa kama aliyepakata mtoto. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani tu, likinuka maziwa.

"Enid, twende nyumbani, mpenzi."

"Shh. Ndiyo kwanza amelala."

Ron alivua koti lake, akainama, akawafunika wote wawili.