Bii ya Golikipa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Placide alipeleka maziwa. Baba yake, Gakunzi, alikamua ng'ombe wachache waliobaki, naye mtoto akashuka na bidoni la maziwa mkononi hadi nyumba za mtaa wa Mulongwe, akipiga hodi mlango kwa mlango. Ulikuwa mwaka 1966. Walikuwa wameteremka Uvira kutoka milima ya juu, ambako waasi walichinja ng'ombe kana kwamba ni kuku wa sikukuu. Mama hakuteremka nao. Homa ilimmaliza hukohuko, zahanati ikiwa imefungwa na muuguzi amekimbia.

Tangu siku hiyo Gakunzi hakuwa na neno zuri kwa wakubwa wa serikali.

"Mbeleji alipoondoka na utawala wake," alisema huku akikamua, "shule ilikuwa na paa. Waasi wakaja, paa likaenda. Jeshi likaja kutuokoa, likapikia maharage kwa madawati yetu. Sasa wakubwa wote wanaimba: someni, someni! Watoto wasome wamekalia nini? Hotuba?"

"Tunakalia matofali, Baba," alijibu Placide.

"Basi shukuru. Wakijua kuna matofali watakuja kuyachukua."

Placide alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita, mwaka wa mwisho. Alitaka kuendelea na sekondari kuliko alivyotaka kitu kingine chochote. Ila nafasi zilikuwa chache, na hakuna aliyejua zinagawanywa vipi.

Mwalimu wao, Bonaventure, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. Alifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, moja upande huu wa ukuta na jingine upande ule, na subira yake ilikuwa fupi kama chaki aliyoishika. Aliyeuliza swali alipewa jina. Mwaka uliopita msichana mmoja, Anne, aliuliza maana ya *virgule*, ile alama ya mkato. Mpaka leo anaitwa Anne Virgule, hata na mama muuza dagaa. Kwa hiyo darasa la sita halikuuliza kitu. Lilisema "ndiyo, Mwalimu," likanyamaza.

Siku moja Mwalimu alisimama mbele akiwa amekunja uso.

"Jumatatu inspekta wa shule anatoka Bukavu. Kila mmoja atasimama amwambie *but* yake. Mwenye *but* nzuri atafikiriwa kwa sekondari. Mmesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu!"

Walisikia. Kuelewa kulikuwa jambo lingine. Katika Kifaransa neno hilo, linalotamkwa bii, lina maana ya kusudi, jambo ambalo mtu anataka kulifikia. Lakini pale Uvira neno lilikuwa limetoroka shule zamani, likaenda kuishi uwanjani. Mpira ukipita katikati ya miti, watu wote waliruka: "Bii!" Maana nyingine watoto hawakuwa nayo.

Walipotoka, Hyacinthe, mshambuliaji wa timu ya shule, alitembea kifua mbele.

"Minye niko na bii nyingi mpaka nazisahau," alisema. "Sekondari ni yangu. Na weye, Placide?"

"Minye niko golikipa," alisema Placide polepole. "Golikipa anapata wapi bii?"

"Iko shida hiyo!" Hyacinthe akacheka mpaka akashika mbavu. "Weye umeziacha zingine zipite. Labda inspekta atakuhesabia hizo!"

Placide hakucheka. Alifikiri kumwuliza Mwalimu, akamkumbuka Anne, akafunga mdomo. Badala ya kushika kitabu, siku zote zilizobaki alipiga mpira kwenye ukuta wa kanisa, mpaka mzee wa kanisa akamfukuza.

Jumamosi walicheza na vijana wa Kalundu. Placide aliliacha lango lake, akakimbilia mbele kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

"Rudi golini!" wenzake walipiga kelele. "Placide, umerogwa?"

Hakurudi. Vijana wa Kalundu walifunga walivyotaka, maana golini hapakuwa na mtu. Karibu na mwisho mpira ulimgonga Placide kichwani, ukaingia. Timu ilikuwa imeshindwa vibaya, wenzake hawakutaka hata kumwangalia, lakini yeye alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu inspekta alifika, Bwana Sévère, akiwa na tai na jasho. Njia ya kutoka Bukavu ilikuwa imemtikisa mpaka tumbo, na uso wake ulionyesha. Placide aliitwa wa kwanza.

"Jina?"

"Placide, mwana wa Gakunzi."

"*Ton but?* Bii yako ni nini?"

Placide alisimama wima. "Bii moja, Bwana Inspekta. Ya kichwa."

Bwana Sévère alivua miwani.

"Unasema?"

"Ilikuwa juzi, na Kalundu. Mimi ni golikipa, ndiyo maana iko moja tu."

Darasa halikuona cha kucheka. Wote walikuwa wakihesabu za kwao. Lakini Bwana Sévère alipiga meza.

"Nimepanda gari tangu alfajiri ili nidhihakiwe na mtoto? Toka! Rudi kachunge ng'ombe! Huyu sekondari hapana!"

Placide alikimbia mpaka nyumbani akilia. Gakunzi alimsikiliza, akamwuliza maneno yote mara mbili, kisha akachukua fimbo yake. Alikwenda shule kwa hatua za mtu mwenye kesi, mtoto akimfuata nyuma.

"Hodi," alisema, akaingia kabla hajajibiwa. "Bwana Mkubwa, umeuliza mtoto wangu kitu gani?"

"Nimemwuliza kusudi lake, mzee. Anataka kuwa nani. Naye amenijibu mpira."

"Kusudi!" Gakunzi alipigwa na butwaa. "Kumbe neno la Kiswahili liko, nawe unalijua! Kwa nini hukulisema? Nyinyi wakubwa mnauliza kwa Kifaransa, halafu mnatukana kwa Kiswahili."

"Mzee, mimi natekeleza tu maagizo."

"Wote mnatekeleza! Aliyefunga zahanati alitekeleza. Aliyechoma madawati alitekeleza. Hatujamwona bado yule anayefikiri."

Mwalimu Bonaventure alikohoa. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

"Bwana Inspekta, kosa ni langu. Neno nililitaja, sikulieleza."

"Na hakuna aliyekuuliza?"

Anne ndiye aliyejibu, kutoka nyuma.

"Anayeuliza anapewa jina, Bwana."

Bwana Sévère alimgeukia Mwalimu, akatikisa kichwa. Kisha akafuta jasho, akamwita Placide.

"Tuanze upya. Unataka kuwa nani?"

"Daktari wa ng'ombe, Bwana. Zinavimba shingo zinakufa, na hakuna anayejua kwa nini."

"Hilo ni kusudi. Hesabu zako?"

"Nzuri."

"Kifaransa?"

Placide aliinamisha kichwa. "Chini ya nusu. Maneno mengi siyaelewi."

"Na vitabu vya dawa vimeandikwa kwa Kifaransa. Unaona mlima wako uko wapi? Kutaka udaktari peke yake hakutoshi. Sema utafanya nini kuanzia kesho."

Placide alifikiri. "Nitasoma Kifaransa jioni, wakati ng'ombe zinacheua. Na... na nitauliza."

Bwana Sévère aliguna. "Nitakujaribu baada ya Pasaka. Umekubaliwa, *sous réserve*."

Darasa lilipiga makofi. Gakunzi aliinua fimbo, wakanyamaza.

"Bado," alisema. Akamgeukia mwanawe. "Nimewakemea wakubwa, na wamestahili. Sasa zamu yako. Siku zote hizo ulikuwa na mdomo, ukaufunga kwa kuogopa kuchekwa. Wakubwa hawatabadilika kesho, mwanangu. Wataendelea kusema wasivyoeleweka, kisha wakufukuze kwa kutoelewa. Usiwasaidie kazi hiyo. Ukiwa na kusudi, jua njia yake. Na usipoelewa, uliza, hata kama wote watacheka. Kicheko kinapita. Nafasi ikipita hairudi."

"Ndiyo, Baba," alisema Placide.

"Ndiyo ya kuelewa, au ndiyo ya darasa la sita?"

Mbele ya wote Placide aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema, "*sous réserve* maana yake nini?"

Mtu mmoja alianza kucheka. Mwalimu Bonaventure alimtazama mpaka akaacha. Kisha akachukua kipande cha chaki, akageukia ubao, akaliandika neno hilo kwa herufi kubwa ili hata wa nyuma walione.

"Swali zuri," alisema. "Maana yake, umekubaliwa kwa sharti. Bado hujafika."